Koti Langu na Marais Wawili

Mgongo unaniuma. Leo ni 9 Desemba 2015, uhuru umetimiza miaka 54, na kwa desturi yangu saa hizi ningekuwa kwenye kochi nikiangalia gwaride kwenye runinga na kuwakosoa askari waliokosea hatua. Badala yake nimeshinda nazibua mtaro. Rais mpya, Magufuli, kasema hakuna gwaride wala halaiki, fedha za sherehe ziende kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, na sisi wengine tushike mafagio kwa sababu kipindupindu kinatumaliza. Sina ubishi na kipindupindu. Ila mtaro niliopangiwa mimi ulikuwa na takataka za tangu awamu ya kwanza.

Sasa nimekaa nje, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na watu wanapita wananiuliza: eti baba, wewe unamuonaje Kikwete aliyeondoka na huyu aliyekuja? Naona afadhali nijibu mara moja, kwa wote.

Nikiri mapema. Mimi ni mtumishi wa umma. Niko masjala, kwenye ofisi moja mjini ambayo siitaji jina maana kuta zake zina masikio, na siku hizi zina na macho. Naishi Kigamboni, kwa hiyo kila asubuhi navuka na pantoni. Na kwa miaka tisa kati ya kumi ya Kikwete nilikuwa na makoti mawili: moja la kuvaa, moja la kiti.

Koti la kiti ni la rangi ya kahawia, nililinunua mtumbani Karume. Lilikuwa linalala ofisini. Mtu akifika saa tatu anataka faili lake, analikuta koti limetulia kwenye kiti, faili moja limefunguliwa mezani, miwani juu ya faili, kikombe cha chai nusu. Akiuliza, mwenzangu anajibu bila kuinua macho: “Yupo, si unaliona koti? Katoka kidogo.” Na kweli nilikuwa nimetoka kidogo, sema nimetokea nyumbani na sijafika. Koti lile halikuwahi kuchelewa hata siku moja. Mkuu wa kitengo aliwahi kuniambia kwenye kikao kwamba mimi ni mfano wa kuigwa kwa mahudhurio. Koti halikusema kitu. Lina adabu sana.

Na wakati koti likichapa kazi mjini, mimi nilikuwa wapi? Kijiweni, kwenye kahawa na kashata, nailaani serikali kwa uzembe. Wallahi hakuna mtu aliyemsema Kikwete kwa ulegevu kunizidi mimi. “Nchi hii haina mwenyewe! Watu hawaendi kazini!” Saa nne asubuhi hiyo, siku ya Jumanne.

Haya, tumhukumu mzee wa watu. Alikuja mwaka 2005 na asilimia 80 ya kura na Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Maisha Bora kwa Kila Mtanzania. Mwaka 2010 asilimia ikashuka hadi sitini na kitu, na vijiweni jina likageuzwa likawa Bora Maisha. Alipoingia, dola ilikuwa kama shilingi 1,150. Kaiacha imevuka 2,100. Mimi dola sijawahi kuishika, lakini kila nikienda dukani kuulizia bei ya mafuta ya kula naambiwa dola imepanda. Inaonekana tunakaangia dola.

Wezi wa wakati wake nao walikuwa na majina ya kizungu. Richmond, mkataba wa umeme wa dharura; EPA, akaunti ya madeni ya nje; Escrow, akaunti ya fedha za umeme wa IPTL. EPA peke yake ni shilingi bilioni 133 zilizotoka Benki Kuu. Richmond ikamng'oa waziri mkuu, Lowassa, Februari 2008. Escrow ikatufundisha kwamba mamilioni ya mkubwa yanaweza kuitwa hela ya mboga, na kwamba kumbe miaka yote mimi nilikuwa nakula mchicha wa watu wasio na mboga.

Lakini nitakuwa mnafiki nikisema hakufanya kitu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na mtoto wa dada yangu amesoma pale. Sasa anatusahihisha Kiswahili chetu mezani. Shule za kata zikaota kila kona kama uyoga. Kweli matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitutoa machozi, karibu watoto sita kati ya kumi walipata sifuri, lakini kabla ya hapo wengi wao wasingepata hata nafasi ya kwenda kuipata hiyo sifuri. Uwanja mpya wa Taifa wa watu 60,000 umefunguliwa kwake. Brazil walikuja pale mwaka 2010 wakatufunga 5 kwa 1, nami nilishangilia lile moja mpaka sauti ikakauka siku tatu. Bush alikuja, Obama akaja, wa China akaja. Obama alipokuja mji ulisafishwa tukapotea njia, na Ocean Road ikageuka Barabara ya Barack Obama. Na yeye mwenyewe Kikwete alikuwa haishi kwenda. Mama watoto alikuwa akimuona uwanja wa ndege kwenye taarifa ya habari anauliza, “Anaenda au anarudi?” Hakuna aliyekuwa na hakika.

Na jambo jingine, hili nalisema bila utani. Kikwete alikuwa anasemwa. Tulimsema kwenye daladala, kwenye pantoni, msibani, na yeye anacheka tu. Si kwamba kila kitu kilikuwa shwari, kuna magazeti yalifungiwa na mwaka huu huu ikapita sheria ya makosa ya mtandao. Lakini mtu wa kawaida alimsema rais wake kisha akalala usingizi. Nimeanza kulikumbuka tabasamu lile, na hajamaliza hata miezi miwili tangu arudi kijijini kwake Msoga.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni Katiba mpya. Tume ya Warioba ya kukusanya maoni ilizunguka nchi nzima, na mimi mwenyewe nilitoa maoni. Nilisema madaraka ya rais yapunguzwe. (Nilisema pia na nauli ya pantoni ipunguzwe, nikaambiwa hilo si la kikatiba.) Mwaka 2014 likaitwa Bunge Maalumu Dodoma, posho shilingi 300,000 kwa siku kwa kila mjumbe, na jambo la kwanza walilogombania waheshimiwa ni kwamba hazitoshi. Ukawa, umoja wa wapinzani, wakasusa wakatoka, waliobaki wakapitisha, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo. Yote yale yamegeuka kiporo. Na kiporo cha wali ukikiacha miezi minane bila kukipasha, hupashi tena, unatupa na sufuria.

Basi ukafika uchaguzi. Nyumbani kwangu kulikuwa na kambi mbili. Mimi nilikuwa Mabadiliko, upande wa wapinzani, nazungusha mikono kama nafua nguo. Msinikumbushe kwamba mgombea wetu wa kupiga vita ufisadi alikuwa yule yule Lowassa wa Richmond, na waliombeba ni wale wale waliokuwa wanamsoma jina kwenye orodha ya mafisadi. Kwenye siasa kumbukumbu ni mzigo, tulikuwa tumeutua. Mama watoto alikuwa Hapa Kazi Tu, kambi ya Magufuli, na Magufuli alipopiga pushapu jukwaani alinitazama tumboni akasema, “Umeona?”

Nikamwambia, “Mama, wewe si mkazi wa Kigamboni? Umesahau?” Maana sisi huyu mtu tunamjua. Januari 2012, akiwa waziri wa ujenzi, nauli ya kivuko ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Tukalalamika. Akatuambia asiyetaka kulipa apige mbizi. Apige mbizi! Mimi nilitoka siku hiyo nikaenda ufukweni, nikayatazama maji, nikaitazama mia mbili, nikalipa. Ila pia, na hili mama watoto hakuacha kunirudishia, ni wizara yake iliyosimamia lile daraja la mita 680 la kutoka Kurasini. Nguzo zimesimama, nyaya zimetundikwa, watu wanaenda kupigia picha za harusi. “Alikwambia upige mbizi,” akasema, “halafu akakujengea daraja. Wewe umenijengea nini?”

Kura zikahesabiwa, asilimia 58 kwa 39 na ushei, Zanzibar wao wakafutiwa uchaguzi wao na hilo bado liko kooni. Novemba 5 akaapishwa. Nikajipa moyo: si wanasiasa tu? Watapoa.

Novemba 6, siku moja tu, mtu katoka Ikulu kwa mguu. Kwa mguu! Kaingia Hazina, kwenye Wizara ya Fedha, kapita ofisi hadi ofisi, anauliza huyu yuko wapi, huyu yuko wapi, mbele ya viti vitupu. Habari ilinikuta kijiweni, kikombe mdomoni. Kashata ikakwama. Nilichokiona kichwani si Hazina, nililiona koti langu limesimama peke yake mbele ya rais wa nchi, linaulizwa maswali.

Nilipanda pantoni siku hiyo nikasimama mbele kabisa, kama vile nikisimama mbele ndiyo itafika haraka.

Tangu siku hiyo naamka saa kumi na moja alfajiri. Saa 1:30 nipo mezani. Nimekutana na wafanyakazi wenzangu ambao sikujua kama tunafanya kazi ofisi moja. Viti havitoshi, maana ofisi ilikuwa imepangwa kwa hesabu ya makoti. Kuna bwana mmoja wa uhasibu kaja na barua yake ya ajira ya mwaka 2009, anauliza chumba chake ni kipi. Na wananchi nao wamechanganyikiwa. Juzi mzee mmoja kaja kufuatilia faili la kiwanja, nikampa ndani ya dakika kumi, akabaki amesimama. “Nirudi kesho?” akaniuliza. Nikamwambia limekwisha, mzee wangu. Akaondoka anageuka geuka nyuma, anahisi kaibiwa.

Semina zimekatwa. Mnakumbuka utawala uliopita ulianza na semina elekezi ya mawaziri Ngurdoto, mwaka 2006? Na sisi wadogo tulikuwa na Ngurdoto zetu. Mimi mwenyewe nimehudhuria semina mbili kwa mpigo Morogoro, moja kwa mwili, moja kwa saini. Safari za nje marufuku. Kadi za Krismasi za fedha za umma marufuku. Fedha za tafrija ya wabunge zimenunua vitanda vya hospitali ya Muhimbili. Alipokwenda Muhimbili akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za vipimo mbovu, akamwondoa mkubwa wa pale, na haikupita muda mashine ikapona. Kumbe ilikuwa inasubiri kuonwa na rais tu. Na mwezi mzima huu nchi haina mawaziri, ni yeye na makamu wake na waziri mkuu Majaliwa, na mambo yanakwenda. Mimi kama ningekuwa naota uwaziri ningeogopa hapo.

Sasa mtaani wanashangilia. Kwenye ile hotuba ya bungeni Dodoma alisema atatumbua majipu, basi kila mtu kawa daktari. Mimi nashangilia pia, kwa tahadhari. Jipu ni jipu, litumbuliwe, lakini mimi masjala nimejifunza kitu kimoja: kabla hujamfukuza mtu, unafungua faili lake unalisoma. Hapa naona mtu anatumbuliwa saa nne, faili linatafutwa saa nane. Je, kama siku hiyo alikuwa chunusi? Wenye koti tunaulizana haya chini chini. Na mkuu wetu wa kitengo, aliyekuwa hasemi, sasa anapiga kelele akiona mtu amekaa na akiona mtu amesimama, kwa sababu ya kuogopa. Bado sijaona kama anafanya kazi au anafanya kelele.

Matumaini ninayo, sitaki mseme sina. Ameahidi elimu bila ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari, nami nina wawili shuleni na madaftari ya michango kuliko ya hesabu. Namuombea daraja liishe. Namuombea akipashe kile kiporo cha Katiba kabla hakijachacha, maana mtu anayetembea kwa mguu mpaka Hazina hawezi kutembea kila ofisi ya kila wilaya, na siku akiugua mafua nani atatuamsha? Mimi najijua. Ikipita wiki mbili hajasikika, koti linarudi kwenye kiti lenyewe bila mimi kulishika.

Kwa sababu hiyo nililirudisha nyumbani. Leo asubuhi nimelivaa kwenda mtaroni, nikasema likachafuke huko. Tumefagia, tumezoa, jua likapanda. Ilipofika saa tano mgongo ukagoma kabisa. Nikachomeka mpini wa koleo kwenye kifusi, nikalivua koti nikalitundika juu yake, na kofia nikaiweka juu, nikaenda kuketi chini ya mwembe. Si kwa nia mbaya. Mikono ilifanya yenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa akapita na daftari lake la mahudhurio. Akasimama mbali kidogo, akatazama mtaroni, akaandika. Kisha akapaza sauti: “Hongera baba, wewe ndiye peke yako uliyebaki!”

Koti halikumjibu.