Wanaopinga kubomolewa kwa nyumba za kale Mikindani na Lindi wanadai nini hasa?

Kila linapozuka suala la kubomoa nyumba ya kale huku Kusini mwa Tanzania, iwe ya mawe ya matumbawe Mikindani au ghorofa la maduka Lindi mjini, majirani wanaopinga hupachikwa jina lile lile: watu wasiotaka maendeleo. Mwenye kiwanja ana mwekezaji, mwekezaji ana ramani ya gesti au ya fremu za maduka, halmashauri inahitaji mapato, na mbele yao wanasimama wazee wa mtaa na vijana wachache wakiuliza kwa nini lazima iwe pale. Kabla hawajamaliza kusema wameshajibiwa kwamba wanataka mji ubaki magofu. Hukumu hiyo inawadhulumu. Lakini upande wa pili nao una madai ya kweli, na hayajibiwi kwa kusifia milango ya nakshi.

Tuanze na mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayelala ndani. Nyumba nyingi za aina hii ni za mirathi. Aliyejenga alikufa zamani, karatasi ama hazipo ama zina jina la babu, na warithi wametawanyika. Anayekaa humo mara nyingi ni mmoja, mama mtu mzima, na mvua zikianza anahamisha godoro kutoka chumba hadi chumba akifuata pasipovuja. Kumwambia mama huyu kwamba nyumba yake ni urithi wa taifa, halafu usimpe hata kiroba cha chokaa, ni kumtwisha peke yake mzigo wa watu wote. Sheria inayoweza kumkataza kubomoa haimsaidii kukarabati. Akija mtu na fedha taslimu, warithi wakagawana na kila mmoja akapata cha kusomeshea mtoto, mimi sioni wa kuwalaumu.

Na hatari ipo kweli. Desemba 25, 2020 sehemu ya Jumba la Ajabu iliporomoka Zanzibar na kuua watu wawili, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Lile ni jengo la serikali, liko ndani ya Mji Mkongwe ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na lilikuwa na mfadhili. Kama jengo lenye yote hayo lilianguka, nyumba ya mjane isiyo na mhandisi wala mfadhili tutaisemea nini? Wanaopinga ubomoaji hupenda kutaja Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, likachakaa, kisha likakarabatiwa na shirika la misaada la Uingereza, Trade Aid, na kufanywa hoteli. Ni mfano mzuri wa kinachowezekana. Lakini Boma ni jengo la serikali lililopata fedha kutoka nje. Familia yenye nyumba ya vyumba vinne kwenye uchochoro wa nyuma haiwezi kuambiwa ifanye vivyo hivyo.

Wapo pia wanaosema nyumba hizi ni za aibu, za waliouza watu na waliotutawala kwa kiboko, basi acha ziende. Katika mikoa ambako vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliacha njaa na makaburi, maneno hayo si ya kupuuzwa. Ila ushahidi ukiondoka, anayefaidika ni aliyetenda. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya dinosaria kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikasafirishwa Berlin, na iko huko mpaka leo. Mara kwa mara inasikika sauti ya kudai irudishwe. Tukiulizwa mzigo ule ulitokea mlango gani wa bahari, tutaonesha nini ikiwa Lindi ya zamani tutakuwa tumeshaifanya kifusi?

Hata hivyo, ukiwasikiliza vizuri wanaopinga, hoja yao kuu haihusu mambo ya kale. Inahusu ahadi.

Kusini ni mahali ambapo miradi mikubwa imekuja na kuondoka watu wakiona. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta mpango wa kilimo kikubwa cha karanga. Mapori ya Nachingwea yakafyekwa, bandari ikaanza kujengwa Mtwara, reli ikatandazwa, na mji wa Mtwara wenyewe ukapimwa kama jiji la kesho: barabara pana na mitaa iliyoachana mbali. Mpango ukafutwa mwaka 1951, kabla bandari haijakamilika. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Baadaye ikaja gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Uvumbuzi wa bahari kuu ulipoanza mwaka 2010, kila mwenye kiwanja Mtwara alihisi ameshika dhahabu. Mwaka 2013 mji ukaingia katika vurugu na watu wakafa, kwa sababu wananchi walitaka faida ya gesi ibaki kwao. Mwaka 2015 bomba la kuipeleka gesi hiyo lilikuwa limekamilika hadi Dar es Salaam. Kuhusu kiwanda cha kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, makubaliano ya awali yalitiwa saini Juni 2022, miaka kumi na zaidi tangu gesi yenyewe ipatikane.

Mtu aliyekulia ndani ya historia hiyo akiambiwa "tubomoe, mwekezaji yuko njiani", swali linalomjia kwanza ni: na asipofika?

Nalisimamia swali hili kwa sababu ndipo palipo na uzito wote. Kubomoa ni kazi ya siku chache. Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kinaingia, mawe yanapakiwa kwenda kujaza msingi wa mtu mwingine, boriti zinageuka kuni, mlango unachukuliwa usiku na hakuna anayejua umeenda wapi. Kujenga ni mambo ya mkopo, vibali, bei ya nondo, na mwekezaji ambaye anaweza kubadili mawazo korosho zikianguka bei. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo majirani wanapoishi. Shimo la msingi linajaa maji masika, mbu wanazaliana, watu wanaanza kumwaga taka. Na katika mji wa zamani nyumba hazisimami mbalimbali. Zimebanana, ukuta kwa ukuta, na ule ukuta wa pembeni wa jirani, ambao kwa miaka yote ulikuwa umesitiriwa na nyumba iliyobomolewa, haukupigwa lipu ya kuhimili mvua. Sasa uko wazi. Unaanza kunyonya maji, na baada ya misimu michache jirani naye anaambiwa nyumba yake ni hatari, afadhali auze. Hivyo ndivyo safu nzima inavyoweza kwisha bila mtu yeyote kuamua kwamba iishe. Anayemwambia jirani huyo "si nyumba yako, haikuhusu" hajaelewa jinsi mji huu ulivyojengwa.

Isitoshe, Mtwara haina shida ya ardhi. Ule mji uliopimwa kwa ajili ya karanga una nafasi ambazo miji mingine inaziota, na kutoka Mikindani hadi katikati ya Mtwara ni kama kilomita kumi tu. Gesti ya ghorofa nne inaweza kusimama popote kwenye barabara hiyo ikapata wateja wale wale. Uchochoro wa nyumba za matumbawe unaoshuka kwenda ghubani hauwezi kujengwa kwingine.

Hata hilo la "ni mali yake, afanye atakavyo" halisimami kila mahali. Mwaka 1971 serikali ilitwaa kwa sheria majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na miji ya pwani ikawa na maghorofa ya wafanyabiashara yaliyohamia kwa Msajili wa Majumba, kisha Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa jengo la aina hiyo mwenye mali ni umma. Mkazi wa Lindi anayesimama kwenye mkutano wa mtaa kulisemea anasemea mali ambayo na yeye ana haki nayo.

Tuingie ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu neno "imechoka" hutumika vibaya. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa dirishani. Dari ni boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kuta hizi hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye upepo wa bahari, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Miaka ya karibuni tumezipiga lipu ya saruji, kwa nia njema, maana saruji ni rahisi kupatikana, na zaidi tangu kiwanda cha Dangote kilipoanza Mtwara mwaka 2015. Saruji inafunga unyevu ndani. Chumvi inajikusanya nyuma yake, chokaa cha kati ya mawe kinageuka unga, na siku moja bapa zima la lipu linaanguka na mawe yake. Mwenye nyumba anaona nyumba imezeeka, na kumbe imekatwa pumzi na tiba tuliyoipa. Boriti nazo huoza mahali pamoja, kwenye ncha inayoingia ukutani, bati likivuja juu yake. Bati likizibwa mapema, boriti inadumu.

Chokaa kina tatizo lake, na haki lisemwe. Zamani kilichomwa kutokana na matumbawe yaliyong'olewa baharini, kazi iliyoumiza miamba na wavuvi. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuokoa nyumba kwa kuua bahari, hasa sasa ambapo tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma tangu mwaka 2000. Lakini chokaa hutoka pia kwenye mawe ya nchi kavu, na mkoa wa Mtwara umekalia mawe hayo; kiwanda cha saruji hakikufuata kitu kingine.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Baada ya hapo, ulinzi unategemea Waziri alitangaze jengo au eneo. Uweke mwaka huo mbele ya miji yetu. Mpelelezi Mwingereza David Livingstone aliondoka Mikindani kwa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Nyumba iliyojengwa mwaka huo tayari imechelewa kwa miaka mitatu. Boma la 1895 limechelewa kwa miaka 32. Maghorofa ya maduka ya karne ya 20 kule Lindi hayamo kabisa. Na hata nyumba inayoweza kuwa ya 1850, nani ataithibitisha, wakati mwenye nyumba hana karatasi ya babu yake seuze ya fundi aliyejenga? Sheria ilipotungwa, 1863 ilikuwa karne moja nyuma. Kama kipimo kingekuwa miaka mia moja inayosogea na wakati, leo nyumba za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zingekuwa ndani. Kipimo kiligandishwa, miji ikaendelea kuzeeka nje yake. Jambo linaloniumiza zaidi ni hili: sheria hiyo hiyo inalinda mlango wa mbao wenye nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Mlango unalindwa, ukuta unaoubeba haulindwi. Mtu anaweza kuzuiwa kuuza mlango na akaruhusiwa kubomoa nyumba iliyoupa mlango huo maana.

Kwa hiyo majirani wanapokwenda kwa mtendaji wa mtaa, kisha manispaa, mara nyingi hawana kifungu cha kushika mkononi. Wana sauti tu. Ndiyo maana wanapiga kelele, na ndiyo maana kelele hiyo huonekana ya ukorofi.

Ukiondoa kelele, wanachodai kinatekelezeka. Kibali cha kubomoa kisitangulie kibali cha kujenga: mwekezaji alete michoro iliyopitishwa na uthibitisho wa fedha benki, ndipo kijiko kiingie. Ukuta wa jirani ukaguliwe kabla, na gharama ya kuusitiri iwe juu ya anayebomoa. Ikibainika kweli kwamba nyumba haiokoleki, ipigwe picha na kupimwa chumba kwa chumba, na kinachojengwa kisizidi kimo cha safu iliyopo. Kwa mama anayehamisha godoro, uwepo mkopo mdogo wa bati na chokaa. Kilwa, ambako kuna nyumba za Kivinje zinazokwisha zikitazamwa, halmashauri inapokea ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kuanzia. Mtwara ni vigumu kidogo, kwa kuwa visima viko upande wa wilaya na Mikindani iko upande wa manispaa, lakini halmashauri mbili za mkoa mmoja zinaweza kukaa meza moja.

Kurekebisha mwaka 1863 ni kazi ya Bunge na itachukua muda. Utaratibu wa vibali unaweza kuwekwa na baraza la madiwani kwa sheria ndogo, na madiwani wa Lindi na Mtwara-Mikindani hawahitaji kusubiri mtu kutoka Dodoma ili waanze.