Mpango wa maji ya Rau uanzie kwenye banio

Mwezi wa tisa ukishuka makorongo ya Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, harufu inakupokea kabla hujauona mto. Ni maganda ya kahawa. Uchumaji umekolea, kila nyumba yenye mashine ya kumenya inamenya, na maji ya kuoshea kahawa yanateremshwa korongoni kama yalivyoteremshwa miaka yote. Nilipokuwa mtoto hiyo ilikuwa kazi yangu: kubeba karai la maganda mekundu hadi mgomba wa mwisho, pale kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kinapoishia na mteremko wa kijito unapoanza, na kulimwaga. Hakuna aliyenikataza, maana hakuna aliyejua kuna ubaya. Leo najua. Maganda yana sukari nyingi, na yakiozea majini, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula hewa iliyomo ndani ya maji mpaka viumbe wengine wanakosa pumzi. Na hayo hutokea mwezi ambao kijito kimepungua sana, kwa sababu vuli bado haijaanza. Uchafu mwingi kwenye maji machache.

Vijito hivyo vinaingia Mto Rau. Rau unapita ubavuni mwa mji wa Moshi, unaokota maji ya mitaro ya barabarani, halafu unakwenda kunywesha mpunga wa tambarare, kwenye skimu ya Lower Moshi iliyokamilika 1987 kwa msaada wa Japani. Kinachobaki kinaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama anayeinama mferejini kule chini kuosha vyombo anashika kila tulichokimwaga sisi wa juu.

Mwaka jana niliketi kwenye mkutano mmoja wa kupanga utunzaji wa vyanzo vya maji. Ramani iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya kata. Kila kata ikapewa idadi yake ya miche na siku yake ya kupanda, tukanywa soda, tukaagana. Nilirudi nyumbani na uchungu. Kijito chetu ni mpaka wa kata mbili, kwa hiyo ukingo mmoja ulipata miche na wa pili haukutajwa. Maganda ya kahawa hayakutajwa. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa mdomoni mwa korongo havikutajwa, wala dawa za nyanya, wala mabanda ya ng'ombe ambayo mkojo wake unatiririka moja kwa moja bondeni mvua ikinyesha. Miche ni mizuri, lakini maji hayachafuki kwa kukosa miche peke yake.

Ninachokitaka ni mpango unaofuata maji. Sheria inauruhusu tayari. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua kamati za vidakio na Jumuiya za Watumia Maji. Kidakio ni eneo lote ambalo tone likidondoka popote linaishia kwenye mto uleule. Tatizo ni kwamba Bonde la Pangani linaanzia Meru na Kilimanjaro mpaka baharini Tanga, na bibi mwenye migomba arobaini hawezi kujiona ndani ya kitu kikubwa namna hiyo. Anajiona ndani ya kijito chake. Basi tupange kijito kwa kijito, watu wa kingo zote mbili wakae pamoja, wale wanaojuana kwa majina na wanaozikana.

Na hatuna haja ya kuunda kamati mpya. Tunazo kamati za mifongo, yaani mifereji yetu ya jadi ya maji. Wachagga waligawana maji ya mlima kwa zamu kabla Mjerumani hajafika, wakachimba mifongo kwa mikono kupitia miteremko ambayo hata leo ingemfanya fundi akune kichwa, na wakaitunza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Asiyetokea alilipa faini, mara nyingi ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mfongo ukibomoka usiku, watu wanajua nani aende. Hiyo ndiyo taasisi ya kuanza nayo, na kikao cha kwanza kifanyike pale kwenye banio, maji yanapochepushwa kuingia mfongoni, siyo kwenye ukumbi wa mjini.

Nakiri kamati hizo zina kasoro, tena moja ni kubwa. Kwa desturi ya zamani wanawake hawakukaribishwa kwenye banio, na hadi sasa mikutano mingi ya mfongo ni ya wazee wa kiume. Lakini ni akina mama wanaochota, wanaofua, wanaoosha mnafu kabla ya kwenda sokoni, wanaokaa na mtoto anayeharisha. Wao ndio wanaojua ni mwezi gani maji yana harufu na ni saa ngapi yanageuka rangi. Kamati isiyo nao itapanga kwa kubahatisha.

Sasa niseme juu ya mita 60, kwa sababu ndipo kila mkutano unapokwama. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naunga mkono nia yake. Ila mjumbe akiitamka Uru, watu wanakunja mikono, kwa sababu vihamba vingi vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vyembamba, na korongo liko kila upande. Ukipima mita 60 kutoka kijito cha kushoto na 60 kutoka cha kulia, umepita nyumba ya mtu, kaburi la baba yake na zizi. Akishasikia hivyo hasikilizi kingine chochote, hata lile dogo ambalo angeweza kulifanya kesho asubuhi.

Mimi ningeanza na hilo dogo. Choo, banda na pampu ya dawa visikae kwenye mteremko wa korongo. Maganda yarudi shambani yakaoze shimoni pamoja na samadi, maana ni mbolea nzuri ya migomba, na maji ya kuoshea kahawa yaingie kwenye shimo la kufyonzwa na udongo, mbali na kijito. Ukingo uachiwe majani ya kukamata udongo na miti ya asili kama mringaringa, na mikaratusi itoke karibu na chemchemi. Upana tukubaliane kihamba kwa kihamba, na mpaka wake tuuweke kwa mimea ya masale. Nguzo ya zege itang'olewa ikawe jiwe la kunolea. Sale haling'olewi ovyo kwetu. Ndilo linalotenganisha vihamba, na ndilo jani unalobeba ukienda kuomba msamaha.

Wa chini nao wachangie. Mkulima wa juu akiacha ukanda wa shamba lake bila kulima, anayefaidika ni mwenye mpunga na mwenye bomba mjini. Naona ni haki sehemu ya tunacholipia maji irudi juu kwa njia inayoonekana: majani ya kupanda kingoni, gharama ya kuhamisha choo. Kumwomba maskini wa mlimani abebe mzigo wote kwa sababu tu anaishi karibu na chanzo si sawa.

Kabla ya yote hayo, tupime. Sampuli kutoka ukingo wa msitu, mbili tatu kando ya vihamba, moja kabla ya mji na moja baada yake, zichukuliwe mwezi wa tisa na zichukuliwe tena siku ya mvua ya kwanza ya vuli, ile inayosomba takataka zote za kiangazi kwa mkupuo. Tukiona tope na vimelea vinaongezeka wapi, hakuna atakayebishana kwa kunyoosheana vidole.

Msaragambo wa mfongo wetu kwa kawaida hufanyika kabla ya vuli. Nimemwomba mzee wa mfongo nafasi ya kuzungumza tukishamaliza kuzibua, na amekubali, kwa sharti kwamba nije na jembe. Nimemwomba pia awaruhusu mama yangu na jirani zake watatu waje. Hilo bado analifikiria.