Nyoka, ngazi na bajeti isiyo na mchezo

Mie ni mbunifu wa michezo ya ubaoni hapa Unguja, na ujumbe uliniingilia kutoka mradi mmoja, wa kiungwana kabisa, salamu mwanzo hadi mwisho. Wanahitaji mchezo wa ubaoni juu ya mwani na mabadiliko ya tabianchi. "Kitu chepesi tu, kama nyoka na ngazi." Michoro wanayo. Uzinduzi wiki mbili zijazo. Mie niwapangie tu.

Nikaomba bajeti, nikaletewa, Mungu awalipe kheri. Kuna ukumbi. Kuna chai ya saa nne na chakula cha mchana. Kuna posho, nauli, fulana, bango la nembo za wafadhili wote, mpiga picha. Kuna uchapaji. Mchezo wenyewe, kile kinachozinduliwa, niliutafuta mpaka mstari wa mwisho nisiuone. Kuuliza, nikaambiwa umo ndani ya uchapaji. Kumbe mie ni aina ya wino.

Sasa tuzungumze huo nyoka na ngazi, mchezo wa dadu ambao ngazi inakupandisha na nyoka anakuteremsha, maana kila mradi unaoshuka visiwani unashuka nao mkononi. Malaria, nyoka na ngazi. Taka, nyoka na ngazi. Kuweka akiba, nyoka na ngazi. Unabadilisha picha, nyoka anakuwa mfuko wa plastiki, ngazi inakuwa mti wa mkoko, unawaita waandishi wa habari.

Mtoto anarusha dadu, inakuja nne, anatua kwenye "Umetupa taka baharini", anateremka mpaka chini. Taka katupa nani? Yeye hakuamua lolote. Hakuulizwa. Angerusha dadu mtoto mchanga, au paka akaipiga teke, angefika pale pale. Alichojifunza ni kuwa leo ana mkosi na mwenzake ana bahati. Halafu mtu mzima anasimama mbele ya kamera anasema watoto wamejengewa uwezo wa kufanya maamuzi. Maamuzi yapi, jamani? Nionesheni moja tu.

Wahindi walioanza nao walikuwa na maana yao: ngazi ni matendo mema, nyoka ni maovu, na dadu inakukumbusha kuwa kuna mengi hayamo mkononi mwako. Waingereza wakauchukua mwishoni mwa karne ya 19 wakaufanya wa watoto. Kwa hiyo hilo wazo jipya la kutia mafunzo ndani ya nyoka na ngazi ni kongwe kuliko babu zetu. Ukitaka kusomesha kadari, chukua. Ukitaka kumsomesha mkulima wa mwani kule Jambiani apime apande nini, unampotezea wakati wake.

Kwa sababu mwani ni kuamua kutwa nzima. Tangu kilimo hiki kianze pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kina mama wale wanapima. Kotonii, aina moja ya mwani, bei yake nzuri, lakini maji yakipata moto inaoza pale pale kambani ilipofungwa. Spinosumu, aina nyengine, inavumilia, bei yake ya kukatisha tamaa. Kamba ngapi za hii, ngapi za ile? Maji ya bamvua yamekuja, bahari inakupwa mbali, unaingia shamba. Maji mafu yamekuja, bahari haikupwi sana, unakaa. Uvune wiki ya sita au uvute kidogo ukue, na upepo ndio huo unageuka? Hapo ndipo mchezo ulipo. Umekaa wazi, unasubiri mtu auinamie auokote.

Na kuuokota ndiyo kazi yenyewe, ile wasiyoilipia. Watu wanadhani mbunifu wa michezo anakaa chini ya mwembe anawaza. Kuwaza ni asubuhi moja. Baada yake ni kadibodi, wembe, rula, gundi, vizibo vya soda kuwa kete, na kutafuta watu waungwana wakae wauvunje mchezo wako mbele ya macho yako. Unabadilisha kanuni moja, unawaita tena. Wale wa mwanzo washachoka na wewe, unatafuta wengine. Vijana wa keram mtaani kwetu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, wakiniona na kisanduku wananyanyuka, mmoja ghafla amekumbuka swala, mwengine kaitwa na mamaake.

Mchezo wangu wa mwani (ninao, nilishauanza kabla ya ule ujumbe, ndiyo maana uliniuma) niliupeleka kijijini Bwejuu siku za maji mafu, kina mama wapo nyumbani. Tulitandika mkeka ukumbini kwa bibi mmoja. Mchezoni kila mchezaji ana kamba zake na pesa kidogo za kuanzia, na kanuni ndogo nimeitia pembeni kama kiungo: ukipenda, unaweza kumfungia mwenzako mbegu za mwani kambani, akulipe kwa kila kamba. Bibi wa nyumba hakupanda kitu. Raundi ya kwanza kafunga mbegu za watu, kalipwa. Ya pili, vile vile. Nikamwambia, "Bibi, hupandi?" Kaniangalia tu. Kikaja kipande cha maji ya moto, kotonii za wenzake zote zikaenda. Yeye hana shamba, hana hasara. Mwisho tukahesabu vizibo, kawashinda wote kwa mbali.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona ndivyo tunavyoishi? Mie shamba nishaliacha zamani. Nafunga mbegu za watu, nalala usingizi."

Hebu niambieni. Huu mchezo umeharibika, au umesema kweli? Ukiufuata ufundi, kanuni inayompa ushindi mtu asiyepanda ni tundu, lizibwe. Ukiufuata mwani, lile tundu ndilo lenye habari, maana wote wakifanya kama bibi hakuna mbegu ya kufungwa na kijiji kizima kinakaa njaa. Nimelibeba swali hilo hadi leo. Nimejaribu ujira wa kufunga upangwe kwa kupatana, wachezaji wabishane bei wenyewe, na mara moja pale mkekani ukazuka ugomvi mzuri wa kina mama wawili marafiki ambao hakuna semina ingeupata. Hilo ndilo ninalotaka lilipiwe. Michoro sina neno nayo, mchoraji alipwe tena alipwe vizuri, lakini ule ugomvi haukutoka kwenye michoro.

Anayesema kanuni zinajitunga zenyewe akaliangalie bao. Mashimo 32, kete 64, nusu zako nusu za mwenzako. Unaanza na kete 10 tu mbele yako, 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, 2 na 2 pembeni yake, na 22 umezizuia mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Kwa nini 6? Kwa nini zile 22 zisiwekwe chini zote tangu mwanzo? Ziweke uone: utamu wa nusu ya kwanza umekwisha, hakuna tena kumvizia mtu nyumba yake huku yeye anaomba usiione. Sina shaka mambo haya yalipimwa barazani na watu waliocheza, wakabishana, wakabadilisha, wakarudi kesho. Majina yao hatunayo, ila jasho lao tunalichezea kila jioni pale barazani Jaws Corner. (Nenda sasa madukani Mji Mkongwe utazame baadhi ya mabao wanayouziwa wageni, nyumba imechongwa duara kama mashimo mengine. Mgeni anaondoka na sahani ya njugu.)

Majina nayo yana hadithi yake. Elizabeth Magie, Mmarekani, alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mchezo wake wa ardhi na kodi mwaka 1904, na nyengine mwaka 1924. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikamnunulia hataza hiyo ya pili kwa dola 500, na Monopoly ikaenda duniani na jina la mwanamume mwengine. Mwaka 1988 baadhi ya wabunifu wa Ujerumani wakatia saini nyuma ya kikadibodi cha kuwekea glasi ya bia, Mungu atusitiri, kwamba hawampi mchapishaji mchezo mpaka jina la mbunifu liwe juu ya kisanduku. Bia haramu, kikadibodi chao nakitaka.

Wala sidanganyi mtu kuwa huko ni peponi. Mjerumani Klaus Teuber alitoa mchezo wa Catan mwaka 1995 na bado akaendelea miaka kadhaa na kazi yake ya kutengeneza meno ya bandia kabla ya kuishi kwa michezo tu. Sisi huku meno ya bandia hatuna, tuna tuisheni za jioni na kuchora vibao vya maduka.

Na nikubali, kwa shingo upande: bila miradi hii nisingechapa hata nakala moja. Viwanda vya China havikusikilizi chini ya nakala 500 au 1,000, na mfuko wangu unazijua nakala 20 za duka la stesheneri la mtaani. Tena wapo wafanyakazi wa miradi wanaoelewa, wanaopigana na ofisi zao ili mstari mmoja uongezwe. Nawajua. Ni wachache, na kila mara wanahamishwa.

Walioniandikia nimewajibu. Nyoka na ngazi sifanyi. Mchezo wa mwani nafanya, kwa miezi na si wiki, jina langu juu ya kisanduku, na "kujaribu mchezo" iwe na mstari wake peke yake, pamoja na malipo ya wale wanaoujaribu, maana bibi wa Bwejuu kafanya kazi kubwa kuliko mshauri elekezi yeyote na kalipwa biskuti. Wamesema watalifikisha kwa wahusika.

Wakati linafikishwa, maji mafu yajayo tunaujaribu tena kule kule, Jumamosi baada ya laasiri, na kanuni mpya ya ujira. Anayetaka kuja kuuvunja aje. Chai ipo, mkate wa kumimina upo. Posho hakuna.