Vibango mbele ya nyumba: vinapima kura au vinapima wakereketwa?

Chukua mtaa wa nyumba 40 pembezoni mwa mji mdogo wa Pennsylvania, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa rais. Nyumba sita zimesimamisha kibango cha mgombea mmoja, tatu zina cha mpinzani wake, na 31 hazina kitu isipokuwa nyasi. Anayepita na gari anaona sita kwa tatu, anafika nyumbani na kutangaza kwamba eneo lile limeshachukuliwa. Zile 31 hazikumsemesha, na ndizo zenye kura nyingi.

Kila mwaka wa uchaguzi Marekani ubishi huu hurudi. Waendesha kampeni wenye uzoefu wana msemo wao kwamba vibango havipigi kura, na huutoa kila mara mwanachama anapolalamika kuwa hajaletewa cha kwake. Upande wa pili wapo wanaosema kura za maoni zimekosea mno, na kwamba mwenye macho angeyaona matokeo kwenye bustani za watu na kwenye bampa za magari. Kila upande una ushahidi. Shida ni kwamba wengi wanaohesabu vibango hawajajiuliza wanahesabu nini.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa tofauti moja itajwe mapema. Bango lililobandikwa kwa gundi ukutani au kwenye nguzo ya umeme limewekwa na vijana wa mgombea, na mwenye ukuta aghalabu hakuulizwa. Kibango cha Marekani hukaa ndani ya kiwanja cha mtu, kwa ridhaa yake, na majirani wote wanajua ni cha nani. Mji wa Ladue, Missouri, ulipojaribu kupiga marufuku karibu mabango yote ya majumbani, Mahakama ya Juu ya Marekani iliizima sheria hiyo mwaka 1994, ikisema kuwa bango la mtu nyumbani kwake ni njia ya kipekee ya kutoa maoni. Ni tamko lenye jina na anwani, na ndiyo maana watu hulipatia uzito.

Wanaoliamini tamko hilo hutaja 2016. Donald Trump alishinda Pennsylvania kwa kura 44,292, Wisconsin kwa 22,748 na Michigan kwa 10,704, wakati kura nyingi za maoni zilimpa Hillary Clinton majimbo yote matatu. Barabara za vijijini zilikuwa zimejaa jina la Trump kwa wiki nyingi, na makada wa Democratic huko Michigan walilalamika kuwa makao makuu yanawabania hata vibango. Aliyeangalia barabara mwaka ule alipata taarifa ambayo takwimu hazikumpa.

Lakini mwaka 2020 barabara zilezile zilikuwa na vibango vingi zaidi, bendera kubwa kuliko milango, na misafara ya boti ziwani. Joe Biden akayatwaa majimbo yote matatu, Pennsylvania kwa kura zipatazo 80,000. Kwa sababu ya korona, kampeni yake ilikuwa imeahirisha kugonga milango hadi Oktoba, na mtu asiyegongewa mlango mara nyingi hapati kibango. Pengo lililoonekana barabarani lilitokana kwa sehemu kubwa na nani alikuwa akigawa.

Mfano wa 2012 ni mkali zaidi. Siku moja kabla ya uchaguzi, Peggy Noonan, mwandishi wa safu katika Wall Street Journal, aliandika kwamba Florida ameona vibango vya Mitt Romney na si vya Barack Obama, na kwamba habari kama hizo anazisikia kutoka Ohio na hata kutoka mitaa ya kifahari ya kaskazini-magharibi mwa Washington. Obama alishinda Florida, akashinda Ohio, na katika jiji la Washington alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura. Hakuna aliyedanganywa na macho. Vibango huenda vilikuwepo. Mji ambao mshindi anajulikana tangu mwanzo hauna sababu ya kujaza vibango vya mshindi, na wachache wanaompinga ndio wenye hamu ya kuonekana.

Kwa jicho la karibu, mahali pazuri pa kuusoma ubishi huu ni Omaha. Nebraska haigawi kwa mkupuo kura zake tano za wajumbe, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo: mbili huenda kwa mshindi wa jimbo zima, na moja kwa mshindi wa kila wilaya kati ya tatu za bunge la taifa. Wilaya ya pili, yenye jiji la Omaha, huweza kwenda Democratic huku jimbo likibaki Republican. Mwaka 2024 mkazi mmoja alivipaka vibango vya zamani rangi nyeupe, akapulizia katikati doa moja la bluu, rangi ya Democratic, bila jina wala kaulimbiu. Majirani wakataka, marafiki wa majirani wakataka, na hatimaye vikachapishwa kwa maelfu. Wafuasi wa Trump nao wakajibu kwa vibango vyenye ramani ya jimbo zima ikiwa nyekundu, rangi ya Republican.

Hiyo ilikuwa hamasa halisi, maana haikuanzia ofisi ya kampeni. Na Kamala Harris alishinda wilaya hiyo. Waamini wa vibango wana haki ya kutabasamu, ila wasome mistari miwili inayofuata. Biden aliishinda wilaya hiyo mwaka 2020 kwa tofauti ya takribani asilimia 6.5, na Harris, pamoja na madoa yote yale, kwa takribani 4.6. Mipaka ilibadilishwa kidogo katikati, kwa hiyo ulinganisho si wa sawa kwa sawa, lakini ongezeko halipo. Siku hiyohiyo, wilaya hiyohiyo ilimrudisha bungeni Don Bacon wa Republican kwa karibu asilimia 51. Nyumba zilizopigia vyama viwili tofauti kwenye karatasi moja hazina kibango cha kusema hivyo.

Je, kibango chenyewe huongeza kura? Hili ni swali jingine, na kulichanganya na la kwanza ndiko kunakowapoteza wengi. Donald Green wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walifanya majaribio manne ambamo maeneo ya kupigia kura yalichaguliwa kwa bahati nasibu kuwekewa vibango au kutowekewa. Matokeo, yaliyochapishwa 2016, yalikuwa nyongeza ya wastani wa pointi 1.7 hivi za asilimia kwa mgombea. Si kitu cha kupuuza pale tofauti ni kura 10,704, lakini ni kidogo kuliko wanavyodhani wanaogombana kwa ajili ya vibango. Cindy Kam na Elizabeth Zechmeister wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walionyesha njia inayofanya kazi hiyo: walisimamisha huko Nashville vibango vya mgombea asiyekuwepo, Ben Griffin, kwenye barabara ya wazazi wanaopeleka watoto shule, na waliopita njia hiyo wakawa wepesi zaidi kumtaja miongoni mwa chaguo zao. Jina lililozoeleka jichoni linatosha kumvuta mpiga kura asiyejua mengine.

Sasa anayetaka kuhesabu kweli afanyeje? Achague njia kabla hajaona kibango hata kimoja. Achukue matokeo ya uchaguzi uliopita kwa kila eneo la kupigia kura, ateue maeneo mawili yaliyoelemea chama kimoja, mawili ya chama cha pili, na moja lililogawanyika, kisha kwenye ramani achague mitaa kwa bahati nasibu hadi zipatikane nyumba 200 kila eneo. Zikiwa 1,000, ahesabu nyumba, asihesabu vibango. Nyumba yenye vinne ni nyumba moja. Safu ziwe nne: mgombea wa kwanza, wa pili, wagombea wa ngazi za chini tu, na hakuna. Safu ya mwisho ndiyo inayorukwa, na bila hiyo hesabu haina shina.

Vya kuacha kabisa: vibango vya njia panda, kingo za barabara kuu, viwanja vitupu na mbele ya maduka. Hivyo huwekwa na mtu wa kampeni mwenye gari na nyundo, mara nyingi kwenye ardhi ya umma ambako havikuruhusiwa, na wafanyakazi wa manispaa huving'oa. Vikionekana 60 kwa mpigo Jumatatu asubuhi, lori la mzigo limefika Ijumaa.

Kibango cha kawaida ni plastiki yenye mirija ndani, unene wa milimita 4, inchi 18 kwa 24, kinachochomekwa kwenye waya wenye umbo la herufi H. Mirija lazima iwe wima. Fundi akikata ulalo, waya hauna pa kuingia na shehena nzima ni hasara. Waya ukanyagwe ardhini kwanza, bango lifuate, la sivyo plastiki hupasuka kwenye tundu. Upepo mkali huvilaza kwa makumi, na wezi huondoa vingine, kwa hiyo hesabu ya siku moja baada ya dhoruba haina maana. Kuna na kalenda: Texas, kwa mfano, sheria huzuia vyama vya wamiliki wa nyumba, ambavyo huweka kanuni za mtaa, kukataza vibango vya kisiasa kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi hadi siku 10 baada yake. Nje ya muda huo, mtaa ulio kimya huenda umenyamazishwa na kanuni. Wakazi wa ghorofa hawana bustani kabisa, ndiyo maana vijijini huonekana na hamasa kuliko mijini hata pale ambapo si kweli.

Na hesabu yenyewe ina kosa lake. Tuseme asilimia 8 ya nyumba zako 1,000 zina kibango cha urais: nyumba 80, 46 kwa 34. Hata zingekuwa sampuli safi, ukingo wa makosa ni karibu pointi 11 kila upande, kwa hiyo 57.5 kwa 42.5 haijakuambia nani anaongoza. Tena huo ni ukingo wa makosa miongoni mwa wanaojitangaza tu.

Kinachosema kitu ni mabadiliko, na nani amebadilika. Rudia njia ileile mwanzoni mwa Septemba, mwanzoni mwa Oktoba na wikendi ya mwisho, na ukiweza ilinganishe na uchaguzi uliopita. Kisha pata daftari la wapiga kura, ambalo katika majimbo mengi huweza kuombwa na kampeni. Halionyeshi mtu alimpigia nani, bali alipiga mara ngapi. Karibu nyumba zote zenye vibango zikiwa za watu wasiokosa hata uchaguzi wa mchujo wa vyama, umepata orodha ya wakereketwa ambao wangejitokeza hata mvua inyeshe, na hamasa mpya hakuna. Zikiwemo nyumba za watu waliokaa nyumbani chaguzi mbili zilizopita, hapo kuna habari. Pennsylvania daftari huonyesha pia chama, Michigan hapana. Hata Pennsylvania uangalifu unatakiwa: magharibi mwa jimbo wapo waliojiandikisha Democratic zamani na wamekuwa wakipigia Republican kwa miaka bila kwenda kubadilisha fomu.

Uzito wa kibango pia hutegemea gharama yake kwa mwenyewe. Ishirini katika mtaa wa wapinzani vina maana kuliko mia mahali ambapo kila mtu ni wa chama kimoja. Na zipo nyumba ambazo hazina kura hata moja: familia ya Wakongo au Wakenya wenye kadi ya ukaazi wa kudumu inaweza kusimamisha kibango kihalali, ila haiwezi kumpigia kura rais.

Kuhusu stika za bampa niseme kwa ufupi, maana ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Zilienea katika kampeni ya urais tangu Dwight Eisenhower mwaka 1952, enzi za bampa za chuma zenye kung'aa. Utafiti wa kitaifa wa uchaguzi, ANES, umekuwa ukiwauliza Wamarekani kama walivaa beji au kuweka stika au kibango: mwaka 1960 karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo, mwaka 1980 chini ya mmoja kati ya kumi, na 2004 idadi ikarudi karibu mmoja kati ya watano. Mwelekeo huo wa nchi nzima una maana. Gari moja kwenye maegesho halina: limetoka kaunti nyingine, stika ni ya uchaguzi wa miaka minane iliyopita na imepauka kwa jua, au halina stika kwa sababu limekodiwa kwa mkataba na aliyelikodi anaogopa kuharibu rangi ya bampa ya plastiki. Wengine wanahofia tu kukwaruzwa gari.

Mahali ambapo ningekubali kuhesabu bila kusitasita ni uchaguzi mdogo: bodi ya shule, diwani, sherifu. Huko hakuna anayelipia kura ya maoni, wapiga kura ni wachache, na jina kuzoeleka ni nusu ya kazi. Mgombea wa bodi ya shule mwenye vibango 150 kwenye bustani za watu ana familia zipatazo 150 zilizokubali kuulizwa na jirani kwa nini, na hizo hizo ndizo atakazozipigia simu Jumapili kabla ya uchaguzi kuomba zimlete mtu mmoja kituoni. Ikiwa 100 kati ya hivyo vipo kwenye njia panda, alicho nacho ni risiti ya kiwanda cha uchapaji.