Papa Hapimwi na Mtu Mmoja

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya Global FinPrint, mradi uliozamisha kamera zenye chambo kwenye miamba ya matumbawe 371 ya nchi 58. Karibu mwamba mmoja katika kila mitano hakuonekana papa hata mmoja. Kenya tuliangukia fungu baya kabisa, pamoja na Vietnam, Qatar, Jamhuri ya Dominika na baadhi ya visiwa vya Karibiani vilivyo chini ya Ufaransa na Uholanzi. Fungu hilo zima, kwa zaidi ya saa 800 za kurekodi, liliambulia papa watatu. Watatu!

Msomee takwimu hiyo mvuvi wa Likoni uone atakavyokucheka. Papa yupo, atakwambia, ila humtafuti anakopita. Jarife, wavu wa macho makubwa, likilazwa usiku nje ya mwamba linamleta, na asubuhi ananadiwa. Mimi naona wote wawili wamesema kweli. Kamera ilitazama miamba, na miamba yetu imekaushwa. Mvuvi naye anatazama wavu wake, na wavu wake unafika mbali zaidi. Mradi wa papa unaomchukua mvuvi kama kibarua wa kubeba mizigo na kuwasha mashine umejifumba jicho moja kwa hiari yake.

Vijana wengi wanaotaka kazi hii ya kutafiti papa wana picha ya kizimba cha chuma, maji ya buluu na papa mkubwa anazunguka. Hapa Mombasa sehemu kubwa ya kazi hufanyika dikoni, pale samaki wanaposhushwa, juu ya sakafu yenye maji na magamba, na papa unayekutana naye ameshakufa. Una dakika chache tu. Dalali anataka kunadi, tajiri wa chombo anataka pesa zake, na mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, ameshatia jicho kwenye vipande vyake. Mmoja wenu amnyooshe samaki, mwingine avute tepu kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na aivute moja kwa moja pembeni, asiifuatishe na mgongo, kwani mgongo wenye unene humrefusha papa kwa uongo. Mwingine aangalie kando ya mapezi ya tumboni: dume ana viungo viwili, na vikiwa vigumu amekomaa. Ikiwa ni pingusi, papa mwenye kichwa kama nyundo, atazame ukingo wa mbele wa kichwa, maana pingusi hawafanani: mwenye pengo dogo katikati ya ukingo huo ni jamii tofauti na asiye nalo. Mwenye fomu arudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Watu huidharau kazi ya kalamu wakaipa mgeni wa siku ya kwanza. Mimi ningempa mtu makini kuliko wote.

Mara nyingi hata hivyo papa hufika hana kichwa wala mapezi, ameshapasuliwa chomboni. Hapo tepu haina kazi. Kinachobaki ni mdomo wa baharia: alinaswa wapi, kina gani, kwa jarife au kwa mshipi, na alikuwa na watoto tumboni au la. Mahali pa kuvulia ni siri ya mvuvi, wengine hawawaambii hata ndugu zao. Hatampa mtu aliyeshuka kwenye gari jana akiwa na fulana ya mradi. Atampa yule anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, anayekuja hata siku hakuna papa, na anayejua kunyamaza. Ukishaanza kuitwa "daktari" kwa utani, hapo ndipo namba zako zinaanza kuwa na maana.

Kumshika papa hai ni jambo lingine, na huko ushirikiano si hiari. Bimini, kule Bahamas, ambako mtafiti wa papa Samuel Gruber alifungua kituo chake mwaka 1990, papa wadogo wanaokulia kwenye mikoko wamekuwa wakikamatwa, wakiwekewa alama na kuachiliwa miaka nenda miaka rudi. Papa wengi wakigeuzwa tumbo juu hulegea na kutulia, na ndani ya utulivu huo mfupi kila mkono uwe na kazi yake: wa mkia, wa kichwa, wa kutoa ndoana, wa kupachika alama, wa kuandika. Mmoja akizubaa, mnyama anachoka na maji hayapiti vizuri kwenye matamvua yake. Anaweza kuachiliwa akiogelea na bado akafa baadaye.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hili timu za utafiti hazitaki kulisikia. Mwenye shahada ya juu anajiona ndiye mkubwa popote pale. Dikoni sawa. Baharini hapana: nahodha akisema turudi, turudi, hata kama profesa amebakiwa na alama kumi za kupachika. Na nahodha huyohuyo ndiye angepaswa kuulizwa ratiba. Kuna mradi niliouona umepangiwa kuanza safari zake Juni, kusi limekaza, kwa sababu tu fedha za mfadhili zilitoka wakati huo. Mtoto yeyote wa pwani angewaambia wasubiri kaskazi.

Jambo gumu kuliko yote ni swali ambalo kila mvuvi huuliza: "Mukishahesabu, mutatufungia?" Nimesikia watafiti wakilikwepa kwa maneno matamu kuhusu uhifadhi. Ni kosa. Pingusi wako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu 2014, na mkutano wa Panama wa 2022 uliongeza jamii nyingi nyingine za papa. Mkataba huo unasimamia biashara ya kuvuka mipaka, kwa hiyo peke yake haumzuii mtu kula mchuzi wake wa papa nyumbani. Lakini namba zinazoandikwa leo zinaweza kweli kuleta kanuni ya nyavu au ya maeneo kesho. Mwambie hivyo tangu mwanzo. Mvuvi aliyefichwa jambo hilo hatagombana nawe. Atashusha papa wake diko jingine, usiku, na fomu yako itaonyesha kwamba papa wamepungua.

Ripoti nyingi huishukuru "jamii ya wavuvi" kwa mstari mmoja, basi. Ningependa nahodha aandikwe kwa jina lake akiridhia, malipo yake ya siku ya bahari yalingane na ya mtafiti msaidizi, na matokeo yaletwe kwenye kikao cha BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wa hotelini. Zaidi ya hayo, aitwe siku maswali yanapotungwa, kabla fedha hazijaombwa. Maswali anayo: mbona papa wadogo hujaa kwenye wavu msimu mmoja tu, mbona jarife la macho yaleyale halimleti tena papa aliyekuwa akinaswa zamani, na je, hao wakubwa wamekwisha au wamehamia kina ambacho chombo chake hakifiki?