Rai ipo shambani, kinu cha kuisaga ndicho kinachotoweka

Katika nchi za kaskazini na mashariki mwa Ulaya, takwimu za usagaji wa unga huandikwa kwa safu mbili: ngano na rai. Rai ni nafaka ya ukoo mmoja na ngano, ila punje yake ni nyembamba na ya kijivu, na kwa karne nyingi ndiyo iliyotoa mkate mweusi wa Ujerumani, Poland, Urusi na nchi za Baltiki. Ukizifuatilia safu hizo mwaka baada ya mwaka utaona ngano imetulia au inapanda polepole, na rai inateremka. Wengi wakiona hivyo hufunga mjadala: walaji wamechagua unga mweupe, basi.

Kwa kiwango cha dunia picha ni kali zaidi. Mwaka 1961 dunia ilivuna takriban tani milioni 222 za ngano na milioni 35 za rai. Siku hizi ngano inakaribia tani milioni 800, na rai inachezea kwenye milioni 13 hivi. Mashamba ya rai yameshuka kutoka karibu hekta milioni 30 hadi takriban milioni 4. Sababu kubwa zinajulikana. Rai ilikuwa nafaka ya ardhi maskini, ya mchanga na tindikali, inayovumilia baridi ambayo ngano haiiwezi. Mbolea za viwandani na mbegu mpya zilipofika, ngano ikaingia kwenye ardhi ambazo zamani zilikuwa za rai peke yake. Na kipato kilipopanda, mkate mweupe uliokuwa wa wenye nacho ukawa wa kila mtu. Hayo yote ni kweli, na anayeyapuuza kwa kuutukuza mkate wa zamani hawatendei haki watu walioula kwa sababu hawakuwa na kingine.

Lakini maelezo hayo yanatosha kwa nusu ya kwanza tu ya hadithi. Tazama rai inayovunwa leo inaishia wapi. Ujerumani huvuna kati ya tani milioni 2 na 4 kwa mwaka, kutegemea hali ya hewa, na katika hizo vinu havisagi hata tani 750,000, ilhali ngano inayosagwa ni takriban tani milioni 8. Sehemu kubwa ya rai wanakula nguruwe na ng'ombe, nyingine inageuzwa ethanoli, nyingine inauzwa nje. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Ulaya ulikuwa ukinunua rai iliyokosa soko na kuirundika kwenye maghala ya umma. Mageuzi ya sera ya kilimo ya mwaka 2003 yakaufuta ununuzi huo. Zao halikufa. Mbegu chotara za rai, zilizoanza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1984, zilikuwa zimeshaongeza mavuno kiasi kwamba kwenye udongo wa mchanga mkulima bado anaona afadhali apande rai kuliko kuhangaika na ngano.

Kwa hiyo rai ipo. Kinachopungua ni rai inayopita kwenye kinu na kuwa unga wa mtu kula. Hoja yangu ni kwamba kupungua huku kunasukumwa siku hizi na hali ya vinu vyenyewe, pamoja na ladha ya walaji, na kwamba kukishatokea ni kugumu sana kurudisha nyuma.

Sababu iko ndani ya mashine. Punje ya ngano ikilowekwa vizuri, ganda lake linakuwa gumu kama ngozi na kiini kinakuwa chepesi kupasuka. Rola (mitungi ya chuma inayozunguka) za kwanza zenye meno zinaipasua, chekeche zinatenganisha vipande, mashine za kupuliza hewa zinaondoa pumba nyepesi, kisha rola laini zinasaga vile vipande vya kiini taratibu hadi unga. Rai haikubali utaratibu huo. Kiini chake ni laini na kimeng'ang'ania ganda, na ina pentosani nyingi, aina ya nyuzinyuzi zinazofyonza maji na kunata. Ukiipitisha kwenye rola laini inabanwa na kuwa vibapa. Kwa hiyo kinu cha rai hutumia rola zenye meno mwanzo hadi mwisho, mashine za kusafisha vipande kwa hewa hazina kazi, nafaka inalowekwa kwa muda mfupi kuliko ngano, na eneo la chekeche linapaswa kuwa kubwa kwa sababu unga wake unaziba matundu. Vipo vinu vilivyojengwa viweze kubadili kati ya nafaka hizi mbili, lakini kila mabadiliko yanakula muda, na mashine ikisaga rai inatoa tani chache kwa saa.

Mwenye kinu anayepiga hesabu zake anajua maana ya hayo. Mtambo wa rai ukichakaa, swali si kama rai inauzika. Swali ni kama mauzo ya rai yanalipa mtambo mpya usioweza kusaga kitu kingine kwa faida ileile. Mara nyingi jibu ni hapana. Basi mtambo unang'olewa, mwokaji wa jirani anaanza kuagiza unga wa rai kutoka mbali, bei inaongezeka gharama ya usafiri, anapunguza mikate ya rai, na takwimu ya mwaka unaofuata inashuka tena. Anayesoma jedwali anaandika kwamba walaji wameikataa rai, kumbe kilichotokea ni kinu kimoja kufungwa. Ndiyo maana ningependa idara za takwimu zichapishe, pembeni ya tani zilizosagwa, uwezo wa mitambo ya rai iliyobaki katika kila mkoa.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuzipitia juujuu.

Kuungana kwa vinu kumeleta faida zinazoonekana. Ujerumani ilikuwa na vinu zaidi ya 10,000 mwaka 1950, na leo vinavyosaga nafaka havifiki 600. Marekani, kampuni ya Ardent Mills ilizaliwa mwaka 2014 kwa kuunganisha biashara za unga za ConAgra, Cargill na CHS. Kinu kikubwa kinanunua nafaka kutoka sehemu nyingi na kuzichanganya, hivyo unga wa Januari unafanana na wa Agosti. Kina maabara yake na kinaweza kumudu mashine za macho ya kamera zinazochambua punje moja moja.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa rai. Mmea huu huchavushwa kwa upepo, na maua yake yakikaa wazi kuvu wa ergoti huingia na kuacha vidonge vyeusi vyenye sumu mahali pa punje. Katika Zama za Kati unga wenye ergoti uliua na kulemaza watu wengi Ulaya. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2022 ziliruhusu si zaidi ya gramu 0.2 za vidonge hivyo kwa kilo ya ngano ghafi, na rai ikapewa gramu 0.5 kwa kuanzia, pamoja na mipaka ya sumu yenyewe ndani ya unga. Kinu kidogo kisicho na mashine ya kuchambua kwa kamera kinapata shida kutimiza masharti hayo mwaka wenye mvua nyingi wakati wa maua. Mtu anayesema vinu vidogo vilindwe lazima aeleze vitasafishaje nafaka. Kulegeza kipimo cha sumu si jibu.

Kuna pia suala la virutubisho. Mwaka 1998 Marekani ilianza kulazimisha asidi ya foliki, aina ya vitamini B, kwenye unga wa nafaka unaouzwa kama ulioongezwa virutubisho, na watoto wanaozaliwa na kasoro za uti wa mgongo wakapungua waziwazi. Uingereza imeamua kufanya hivyo kwa unga wa ngano uliokobolewa kuanzia Desemba 2026. Mpango wa aina hii ni rahisi kusimamia pale unga wa taifa unapotoka kwenye vinu vichache. Hapo nakubali kabisa kwamba ukubwa umeokoa maisha.

Tatizo ni kwamba mafanikio hayo yote yanahesabiwa kwa unga mweupe wa ngano, na kipimo cha tani hakionyeshi kilichoachwa njiani. Tani moja ya ngano ikikobolewa kwa kiwango cha kawaida cha unga mweupe hutoa kilo 750 hadi 800 za unga, na pumba inakwenda kwa mifugo pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na madini. Rai husagwa mara nyingi karibu na punje nzima, na ina nyuzinyuzi nyingi kuliko ngano. Wajerumani wameliweka hili kwenye jina la unga wenyewe: ngano ya namba 405 ina takriban miligramu 405 za majivu ya madini, yale yanayobaki unga ukichomwa, katika kila gramu 100 za unga mkavu, na rai inayouzwa sana ni ya namba 997 au 1150. Tani ya unga wa rai ikipungua na ya unga wa ngano ikaongezeka, jumla haijabadilika kwenye jedwali, lakini chakula kilichopo mezani kimebadilika.

Hata jumla yenyewe inadanganya kwa namna nyingine. Mmarekani wa kawaida alitumia takriban kilo 50 za unga wa ngano mwaka 1972, zikapanda hadi karibu kilo 67 mwaka 1997, kisha zikashuka kidogo chini ya 60 katika miaka ya karibuni. Ulaji huo uliposhuka, vinu havikuyumba kwa kiasi hicho, kwa sababu watu waliongezeka. Uturuki nayo inauza nje unga wa ngano kuliko nchi yoyote, kwa utaratibu wa kuingiza ngano bila ushuru mradi itoke tena ikiwa imesagwa. Serikali ilipositisha uingizaji huo kuanzia Juni hadi Oktoba 2024 ili kulinda bei ya wakulima wake, wasagaji waliguswa papo hapo, ingawa hakuna mlaji aliyebadilisha mlo. Uzalishaji wa unga hufuata ushuru na bandari kama unavyofuata tumbo.

Lipo jambo jingine ambalo wapenzi wa rai, nami nikiwemo, tunapaswa kulikiri: mabadiliko ya nafaka yenyewe yamewachosha waokaji. Maabara za vinu hupima kwa sekunde muda ambao kijiti cha chuma kinachukua kuzama kwenye uji wa moto wa unga na maji. Mvua ikinyesha kabla ya kuvuna, punje huanza kuota, vimeng'enya vinavunja wanga, uji unakuwa mwepesi na kijiti kinazama haraka. Rai ya namna hiyo hutoa mkate wenye utando wa unyevu chini. Kwa miongo mingi watafiti wa mbegu walipambana na udhaifu huo, na wakashinda. Sasa, kwenye majira makavu, rai nyingi inatoa sekunde nyingi mno. Vimeng'enya ni vichache, unga unanyonya maji bila kulainika, na mkate unakauka na kupasuka mapema. Mwokaji aliyezoea vitabu vya zamani anashangaa unga "mzuri" unamharibia kazi. Msagaji mwenye ujuzi wa rai anajua kuchanganya shehena au kuongeza kimea kidogo. Ujuzi huo uko kwa watu, na mtambo ukifungwa wanastaafu au wanahamia kwenye ngano.

Mahitaji yanaweza kuongezeka, hilo limeshaonekana. Mwaka 2008 Denmark iliwaleta pamoja serikali, wasagaji, waokaji, wauzaji na mashirika ya afya, ikaweka alama moja kwenye bidhaa zenye nafaka nzima ya kutosha. Ulaji wa nafaka nzima ulipanda kutoka wastani wa gramu 36 kwa siku mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi gramu 63 muongo mmoja baadaye. Hawakumkataza mtu mkate mweupe. Lakini Denmark ilikuwa bado na vinu vya rai na waokaji wanaoijua, kwa hiyo msukumo ulipokuja kulikuwa na wa kuupokea.

Ndiyo maana siungi mkono kurudisha ununuzi wa serikali wa rai. Ulijaza maghala bila kumpelekea mlaji hata mkate mmoja. Fedha za umma, kama zitatumika, ziende kwa kinu cha ukubwa wa kati kinachotaka kubadilisha mtambo wa rai na kununua mashine ya kuchambua ergoti, kwa mkopo wa muda mrefu. Hospitali, shule na majeshi yaingie mikataba ya miaka kadhaa ya unga wenye sehemu ya rai, hata asilimia 15 tu ndani ya ngano, kiasi ambacho mwokaji yeyote anaweza kukikanda bila kujifunza upya. Wasagaji wanaofadhiliwa hivyo wafungwe na vipimo vilevile vya sumu kama wenzao wakubwa. Na kama baada ya miaka kumi ya mikataba hiyo unga wa rai bado haupati mnunuzi mwingine, nitakubali kwamba walaji ndio walioamua, na mitambo hiyo iuzwe.