Kura Yangu Si Deni la Chama Kikubwa

Uchaguzi ukikaribia, wafuasi wa vyama vidogo huanza kusakamwa. "Usipoteze kura." "Ukimpigia huyo, umempigia adui." Wanaosema hivyo si maadui, mara nyingi ni watu mnaokubaliana karibu kila kitu, isipokuwa nani apewe kura. Niseme mapema nimesimama wapi: kupiga kura kwa hesabu, au kura ya kimkakati, yaani kumpigia usiyempenda sana ili kumzuia usiyemtaka kabisa, si dhambi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ninachokataa ni chama kikubwa kuidai kura hiyo kana kwamba ni haki yake ya kuzaliwa, kisha kuichukua bure.

Mfano tunaotupiwa usoni kila mara ni Florida, mwaka 2000. George W. Bush alimshinda Al Gore huko kwa kura 537, na Florida ndiyo iliyompa urais. Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata kura 97,488. Mfuasi mmoja tu kati ya kila mia wa Nader angehamia kwa Gore, Bush asingeingia Ikulu ya Marekani. Hesabu hiyo siibishii. Lakini isome karatasi nzima. Ilikuwa na wagombea kumi, na kila mmoja wa wale wadogo wanane, hata yule wa mkiani kabisa aliyeambulia 562, alipata kura nyingi kuliko lile pengo. Wapo pia Wademokrati, watu wa chama cha Gore mwenyewe, kwa maelfu waliompigia Bush kwa hiari yao, na hao hakuna anayewasuta. Lawama zote zilimwendea Nader, kwa sababu chama kikubwa hakipendi kujiuliza kwa nini watu wake wenyewe wamekikimbia.

Na mara nyingine hakuna hata chama kidogo cha kulaumu. Kenya, mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wapinzani wake, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, waligawana zaidi ya asilimia 60. Mpiga kura aliyetaka Moi aondoke alijua fika nani hamtaki. Asichokijua ni wote wakusanyike kwa nani. Hapo ndipo kura ya kimkakati hukwama. Inataka mamilioni ya watu, kila mmoja peke yake ndani ya kibanda, wakisie jambo lilelile bila kuambiana. Kazi hiyo ni ya viongozi, na mwaka 1997 walishindwa tena kuifanya. Walipoungana chini ya muungano wa NARC mwaka 2002, Kibaki alipita kwa zaidi ya asilimia 60. Wapiga kura hawakuwa wamepata akili mpya. Walirahisishiwa karatasi tu.

Mzizi wa haya yote ni kanuni. Pale ambapo anayetangulia, hata kwa kura moja, anachukua kiti na wengine wote wanaondoka mikono mitupu, chama cha tatu huadhibiwa mara mbili: kwanza na hesabu, kisha na wapiga kura wanaoiogopa hesabu hiyo. Msomi wa siasa Mfaransa, Maurice Duverger, alilieleza hilo mwaka 1951, na Uingereza imekuwa ikilithibitisha tangu hapo. Mwaka 1983 muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23. Chama cha Labour kilipata asilimia 27.6 na viti 209. Pengo la asilimia mbili na ushei likazaa pengo la viti 186. Aliyeupigia kura muungano ule hakupoteza kura yake. Ilichukuliwa na kanuni mchana kweupe.

Kuna jambo ambalo wahubiri wa kura ya kimkakati hulipita harakaharaka: hesabu inahusu jimbo lako, si nchi. Ikiwa mgombea wa jimboni kwako hushinda kwa kura elfu ishirini kila mara, kuhama kwako hakumwokoi wala kumwangusha mtu. Hapo kupigia chama kikubwa usichokipenda ni kukipa tu hoja ya kusema wananchi wameridhika.

Tena kiti si kipimo pekee. Mwaka 2015 chama cha UKIP, kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kilipata kura karibu milioni 3.9 kote Uingereza, na kiti kimoja. Kwa hesabu za waliokuwa wakiwacheka, hizo zote zilikuwa kura za kutupwa. Lakini Waziri Mkuu David Cameron alikuwa amekwisha kuahidi, tangu Januari 2013, kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya, na hofu ya kukimbiwa na wafuasi wake kwenda UKIP ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Tarehe 23 Juni 2016 kura hiyo ikapigwa. Usipende matokeo yake (mimi siyapendi), lakini usiniambie kwamba kura zile hazikufanya kazi. Zilifanya kazi kwa sababu wenyewe waligoma kuhama.

Wanaodhani dawa ni kugawa viti kwa uwiano wa kura tu, na mchezo huu ukaisha, waitazame Ujerumani. Huko mpiga kura ana kura mbili, moja ya mgombea wa jimbo na moja ya chama, na chama kisichofika asilimia 5 kwa kawaida hukosa viti vya uwiano. Januari 2013, katika uchaguzi wa jimbo la Niedersachsen, wafuasi wengi wa CDU, chama cha Kansela Angela Merkel, waliogopa kwamba mshirika wao mdogo, FDP, angeanguka chini ya mstari huo. Wakamwazima kura ya chama. Walimwazima kupita kiasi: FDP ikapaa hadi asilimia 9.9, CDU yenyewe ikaporomoka, na muungano wao ukapoteza serikali kwa kiti kimoja, 68 kwa 69. Miezi minane baadaye, kwenye uchaguzi wa taifa, CDU ikasema haina kura ya kumwazima mtu. FDP ikapata asilimia 4.8 na kutoka bungeni. Angela Merkel akabaki na ushindi mkubwa wa asilimia 41.5, viti vitano pungufu ya wingi, na ikambidi aende kubisha hodi kwa wapinzani wake wa SPD. Mwaka mmoja, makosa mawili yanayopingana, na wote walidhani wanapiga hesabu.

Vyama vidogo navyo si malaika. Vingine huwa hai kwa miezi mitatu kila baada ya miaka mitano, vinasimamisha wagombea kila mahali visikojulikana, kisha vinalalamika kuonewa. Chama kisichoweza kunieleza kwa nini kimesimama katika jimbo hili na si lile hakistahili niingie nacho shimoni.

Lakini swali gumu zaidi namwekea mkubwa. Mwaka 2015 Justin Trudeau, kiongozi wa chama cha Liberal, aliwaahidi Wakanada kwamba uchaguzi ule ungekuwa wa mwisho kwa kanuni ya anayetangulia kuchukua kiti. Wapiga kura wengi wa chama cha NDP walihamia kwake ili kumwondoa Waziri Mkuu Stephen Harper. NDP ikashuka kutoka viti 103 vya mwaka 2011 hadi 44. Liberal wakapata viti 184 kati ya 338 kwa asilimia 39.5 tu ya kura. Februari 2017 serikali yake ikaitupa ahadi. Kanuni iliyompa kiti ilikuwa imegeuka tamu. New Zealand waliibadilisha yao kwa kura ya maoni ya mwaka 1993, lakini huko chama kikubwa cha Labour walikuwa wamekwisha kuumia wenyewe: mwaka 1978 na 1981 walipata kura nyingi kuliko wapinzani wao wa National na bado wakashindwa.

Kwa hiyo mgombea wa chama kikubwa akija kuomba kura yangu ya pili moyoni, nitamsikiliza. Nitataka anitajie muswada gani wa kubadilisha kanuni atauunga mkono, utapelekwa bungeni lini, na chama chake kimeuandika wapi. Jibu likiwa "tushinde kwanza, mengine baadaye", Wakanada wamekwisha kulisikia.